Historia Isiyopitishwa Penseli

Jumapili ya tarehe 5 Juni 2022, saa kumi jioni, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu, walikuwepo watu wanane: marehemu mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili mgongoni, mke wake, aliyesimama nyuma ya kamera, binti yake mkubwa aliye mshonaji, binti yake wa pili aliye dereva wa gari la wagonjwa, mwanawe wa mwisho aliye fundi umeme, aliyeshika taa, mkwe wake, yaani mke wa huyo fundi umeme, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma haya, mjukuu wa miezi minane, mgongoni kwa mama yake, na jirani fundi viatu, aliyekuja kurudisha ngazi akaambiwa asiondoke. Wametajwa wote kwa sababu ni mashahidi wa jambo ambalo marehemu alichukua karibu miaka thelathini na saba kulifanya, na dakika mbili tu kulimaliza.

Waombolezaji wanajua kwamba historia za namna hii husomwa zikiwa zimelainishwa. Lakini marehemu, mpiga picha ambaye maisha yake yote aliwaondolea watu makovu, chunusi na mikunjo kwa kupitisha penseli kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, aliagiza kwa kinywa chake kwamba ya kwake isiguswe. “Mimi msinipitishe penseli,” alisema. Kaka yake, aliyekaa hapa mstari wa mbele, aliomba jana kwamba angalau neno wivu lipunguzwe, mkwe akaenda kumuuliza mjane, na mjane akasema liachwe lilipo, kwa sababu likiondolewa hatabaki mtu, litabaki koti tupu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mlinzi wa ghala na mkunga, na mama yake huyo mkunga alizoea kusema kwamba watoto wengine walizaliwa wakilia, huyu alizaliwa ametoa macho, kama mtu aliyekuja kukagua.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza la saba mwaka 1965, akiwa wa nne kwa hesabu na wa kwanza kwa mwandiko. Tarehe 12 Novemba mwaka huo alikuja mpiga picha wa mjini kupiga picha ya darasa zima, na kwa kuwa kaka yake alikuwa amerudia darasa, ndugu hao wawili walisimama bega kwa bega mstari wa nyuma. Picha zilipoletwa, kaka, ambaye hesabu zilimpiga chenga miaka miwili mfululizo, alikuwa ametoka safi, hata kifungo kilichokatika kilionekana, na marehemu alikuwa ametoka ukungu, shingo ipo, masikio yapo, katikati hakuna mtu. Alimfuata mpiga picha akamuuliza uso wake uko wapi, na yule bwana, aliyekuwa akifunga mizigo yake kwa haraka, akamjibu neno moja tu, “Umepumua.”

Mtoto mwingine angecheka akaenda kucheza mpira. Yeye alilichukua neno lile kama dawa aliyoandikiwa na daktari. Kaka yake aliitundika picha ile ukutani kwa miaka mingi, na kila marehemu alipoingia chumba hicho alitafuta kiti kitakachomwezesha kuipa mgongo. Huo ndio wivu wake wa kwanza tunaoujua, nao ulikuwa mdogo.

Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa katika studio ya mzee mmoja ambaye wateja walimwita Mzee Kitambaa, kwa sababu muda mwingi kichwa chake kilikuwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera. Kwa mzee huyo alijifunza kuchanganya dawa, kusafisha picha katika chumba cha giza, kushika penseli na kupanga taa, na alikaa pale miaka saba bila kuchelewa hata siku moja, isipokuwa siku ya mazishi ya baba yake.

Tarehe 1 Julai 1974 alifungua studio yake mwenyewe, chumba kimoja kwenye mtaa wa mafundi, kati ya fundi viatu na duka la vioo. Alitundika pazia lililochorwa ngazi za kupandia ghorofani na chungu cha maua, akaweka kiti cha kuzunguka, na nyuma akatenga chumba cha giza cha hatua nne kwa tatu, kisicho na dirisha. Alikuwa na koti moja la bluu na tai mbili kwa ajili ya wateja wasio navyo, na kwa kuwa koti lilikuwa kubwa alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, mbele mtu akaonekana meneja, nyuma akawa kamba ya kuanikia. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mteja kwamba shati lake limechakaa. Alisema tu kwamba leo kuna kibaridi, hebu vaa hili, hata jua lingekuwa la utosini, na mteja akavaa, akatoka kwenye picha akiwa mtu.

Kabla ya kubonyeza alisema neno lake, kwa wote, wazee kwa vijana, hata kwa watoto wachanga: “Usipumue.” Mji mzima ukamwita Mzee Usipumue. Watoto wa shule wakimwona anapita walibana pumzi mashavu yakavimba, wakaziachia alipokata kona, na hao ndio waliomheshimu kuliko wote, kwa sababu walidhani ni sheria. Picha zake zilikuwa kali, ungeweza kuhesabu nyusi, ila watu walitoka wamefunga midomo kama bahasha, macho yakisubiri hukumu. Yeye aliridhika. Hakuna aliyetoka ukungu.

Mke wake alikuja studio tarehe 9 Februari 1978, akiwa karani mpya wa idara ya maji anayehitaji picha ya kitambulisho. Aliambiwa asipumue, akatii, marehemu akaenda kusogeza taa, akarudi, hakuridhika, akaenda tena, na yule dada akaona nyota, akapasuka kwa kicheko. Alikaripiwa kwamba ameharibu filamu. Wiki iliyofuata alirudi akacheka tena, na mara ya tatu alipokuja hakukuwa na ofisi yoyote iliyokuwa imehitaji picha. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza tarehe 2 Mei 1980, wa pili tarehe 27 Januari 1984, na wa tatu tarehe 11 Oktoba 1990.

Isije ikadhaniwa kwamba hakumpenda. Kila asubuhi kwa miaka zaidi ya arobaini aliamka kwanza, akachemsha maji ya kuoga ya mkewe kabla ya yake, na ndoo aliibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Mkewe aliacha ukarani mwaka 1981 akaja kusaidia studio, akawa anachana watu nywele, anafunga tai, anafuta watoto makamasi na kuwapa wazee mkono wakati wa kukaa. Kamera alikuwa haigusi. Hilo halikuandikwa popote, lakini lilijulikana, kama inavyojulikana mlango upi wa nyumba haufunguliwi.

Tarehe 22 Agosti 1985 marehemu alikwenda kupiga picha za shule moja ya mbali, na huku nyuma akafika bibi mmoja aliyetembea tangu alfajiri, akitaka picha ya kumtumia mwanawe aliyekuwa ng'ambo, na gari lake la kurudi lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Mama, yaani huyo mke wa marehemu, alimweleza kwamba mwenye kazi hayupo, bibi akakaa chini kwenye kizingiti akaanza kuvaa viatu vyake polepole, na mama hakuweza kuvitazama viatu vile. Alimwingiza, akamketisha, akamfuta vumbi usoni kwa kitambaa cha maji, akamnywesha maji, akaingia ndani ya kitambaa cheusi. Bibi alikuwa amekakamaa kwa hofu. Mama akamwambia, “Pumua, bibi, uko nyumbani.” Bibi akashusha pumzi ya safari nzima, na mama akabonyeza.

Jioni marehemu aliisafisha picha ile mwenyewe. Chini ya taa nyekundu uso wa bibi ulipanda taratibu kutoka kwenye dawa, ukiwa na macho ya mtu aliyeko mlangoni pake, anayetaka kukuuliza umekula nini. Marehemu alisimama mpaka karatasi ikaanza kujikunja. Baadaye sana alimweleza mkwe wake kwamba dakika ile alishikwa na kijiba cha roho kilichomkaa kama mwiba wa samaki, haumezeki, hautemeki, na kwamba jambo la kwanza aliloomba ni picha iwe na ukungu mahali fulani. Aliikagua kwa lenzi ya mkononi pembe zote nne. Haikuwa na ukungu.

Alitoa nakala mbili. Moja ilikwenda kwa mwana wa bibi, na nyingine akaigonga muhuri wake nyuma, ule uliosema imepigwa na yeye, akaiweka dirishani. Chema chajiuza. Watu walisimama barabarani kuitazama, fundi viatu akamuuliza hii ameipiga kwa mkono gani, naye akajibu kwamba mkono ni ule ule. Mkewe alikuwa ndani, anasikia, anafagia.

Kuanzia hapo wateja walianza kutaka picha kama ya yule bibi, na hakuweza kuwapa. Jumamosi moja alifunga mlango akampiga binti yake mkubwa picha kumi na moja, kwa taa za kila namna, na zote kumi na moja mtoto alitoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Siku ya pili yake alianza desturi iliyodumu mpaka mwisho: kila alipotoka studio aliifungua lenzi ya kamera, akaiviringisha kwenye kitambaa cha mkononi, akaitia mfukoni, akaondoka nayo, ili kamera ibaki kipofu. Alisema ni kwa sababu ya wezi. Mkewe hakuuliza wezi gani. Ila kila asubuhi, katika mfuko uleule wa koti, marehemu alikuta kitambaa safi, kimefuliwa na kupigwa pasi, kimekunjwa pande nne, tayari kwa kufungia lenzi.

Mwaka 1993, tarehe 6 Septemba, alikuja mkuu wa chuo cha wauguzi na kazi ya picha za wahitimu sitini, kazi ya kulisha nyumba miezi mitatu. Alikuwa amewahi kusikia kwa yule bibi wa dirishani, maana bibi alisimulia kila alikokwenda, na akasema waziwazi kwamba anataka mama ndiye apige. Marehemu akamjibu, mkewe akiwa palepale, “Mama hapigi picha, mama anapiga pasi.” Mafundi wa nje walicheka. Mkuu wa chuo hakucheka, akachukua mkoba wake, na kazi ikaenda mtaa mwingine. Wazazi hao hawakusemeshana siku kumi na tisa, ujumbe ukipita kwa watoto, mwambie baba yako chai imeiva, mwambie mama yako nimeiona. Hata siku hizo kumi na tisa maji ya kuoga yalifika mlangoni, na kitambaa kilikuwa mfukoni.

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka 2008 alinunua kamera ndogo ya kisasa kwa ajili ya picha za paspoti, nayo ikaingia mfuko wa pili. Simu za kamera zilipozagaa, wateja wakapungua, akawa anakaa mlangoni na fundi viatu akisema kwamba sasa kila mtu anapigwa picha huku anatafuna. Wale waliobaki, wengi walimpita pale mlangoni wakamuuliza kama mama yupo, si kwa picha, kwa kuongea tu, na hilo nalo alilionea gere. Hakukubali kupigwa picha hata mara moja, si na wanawe, si siku ya harusi ya mwanawe. Akiulizwa alisema kinyozi hajinyoi mwenyewe, lakini watoto walijua kwamba mtu mmoja tu ndiye angeweza kumpiga, na huyo hakutaka kumwomba.

Alianza kukohoa Novemba 2021, studio ikafungwa mwezi huohuo, na pumzi ikawa inamwishia kati ya kitanda na mlango. Tarehe 17 Februari 2022 alipelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua, akisindikizwa na mkwe wake, ambaye alimwacha mlangoni pa chumba akakaa kwenye benchi la nje na mtoto. Mpiga picha wa hospitali alikuwa dada mmoja mpole, alimshika mkono mpaka kwenye mashine, akampashia joto kibao cha mashine kwa viganja kabla hajakigusisha kifuani. Kisha ikasikika sauti yake akisema, “Baba, vuta pumzi, ibane, usipumue.” Mashine ikalia. “Haya, pumua.”

Marehemu hakutoka. Alimwomba dada yule arudie maneno yale. Yule dada alidhani mzee hasikii vizuri, akayarudia kwa sauti kubwa, yote, na marehemu akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamkamata, wakamketisha. Kwenye benchi mkwe alimpepea kwa bahasha ya picha, na marehemu akasema, “Kumbe neno langu lilikuwa nusu. Nusu nyingine alikuwa nayo mama yenu.”

Daktari alieleza kwamba mapafu yalikuwa yameharibika, na alipoulizia kazi, akasikia habari ya chumba cha dawa kisicho na dirisha kwa miaka zaidi ya thelathini, hakushangaa. Alimpa miezi michache ya kuishi, akasema hivyo kwa upole, ameinamisha kichwa.

Wivu hautoki kwa siku moja, na marehemu alikaa na neno lile Machi yote na Aprili yote. Mara mbili alimwita mkewe kitandani, akaishia kuomba maji. Tarehe 21 Mei alimtuma mwanawe alete picha ya bibi kutoka dirishani, akaigeuza, akautazama muhuri wake, na kwa kuwa kalamu ilikuwa imemshinda akamwambia mkwe aandike chini yake maneno haya: Amepiga mke wangu, tarehe 22 Agosti 1985, mimi nilisafisha tu. Akaisoma mara mbili, akamsahihisha mkwe herufi moja, kwa kuwa kwa mwandiko alikuwa wa kwanza. Kisha akasema kwamba anataka apigwe picha, ile itakayowekwa mbele siku atakapozikwa, na apige mama.

Mama alipoambiwa alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. Alisema kamera kubwa haina lenzi, lenzi anayo mwenyewe.

Ndipo ikafika ile Jumapili. Kamera ya miguu mitatu ilisimamishwa chumba cha mbele, na filamu moja ya zamani ilipatikana kwenye kopo. Marehemu aliingiza mkono chini ya mto, akatoa lenzi ikiwa ndani ya kitambaa, akampa mkewe mkononi mbele ya mashahidi wale. Mama akaifunga mahali pake kwa mizunguko mitatu, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku, akaingia ndani ya kitambaa cheusi, akakaa humo muda mrefu, na waliokuwepo waliona mabega yake yakitikisika, wakamsubiri. Alipotoka alimfunga mumewe kifungo cha juu, akamfuta jasho, akamwambia, “Baba watoto, pumua unavyoweza.” Akabonyeza.

Jumatatu mama alijifungia chumba cha giza peke yake, na Jumanne asubuhi akaja na picha ikiwa bado na unyevu. Ndiyo hii iliyo mbele yenu. Mkiitazama mtaona mdomo umefunguka kidogo, na wengi mtasema marehemu alikuwa anatabasamu. Ukweli ni kwamba alikuwa anataka kusema taa imezidi upande wa kushoto. Aliitazama kwa lenzi ya mkononi, pembe zote nne, akaishusha juu ya kifua.

“Nakuonea wivu, mama,” alisema. “Nimekuonea tangu yule bibi.”

“Najua,” mama akajibu. “Ningekuwa sijui, ningekufulia kitambaa kila siku?”

Marehemu alifariki dunia Jumatano, tarehe 8 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi miwili na siku ishirini na tano, mkewe akiwa amemshika mkono. Maji ya kuoga siku hiyo alikuwa ameyachemsha mke, na kuyabeba mwenyewe.

Familia inamshukuru daktari aliyesema ukweli bila kuharakisha, wauguzi waliokuja nyumbani kumgeuza ubavu kwa zamu, na yule dada wa picha za kifua, ambaye hakujua alichofanya na leo amekuja, amesimama pale nyuma. Inamshukuru fundi viatu aliyefagia kila siku kwa miezi saba mbele ya studio iliyofungwa ili isionekane imekufa, jirani wa vioo aliyeweka kioo cha picha hii, mafundi wote wa mtaa, wakiwemo wale waliocheka mwaka 1993 na juzi wakaja kumwomba mama radhi, na kaka yake marehemu, ambaye jana jioni aliiteremsha ukutani picha ya darasa la saba na kuileta, ili mdogo wake asiipe tena mgongo, aiache hapa.

Baba, wengine uliwazuia pumzi kwa muda wa picha moja, na sisi wa nyumbani kwa muda mrefu zaidi, nasi tumekusamehe. Sasa pumua. Upumzike.

Jana Ijumaa, saa tatu asubuhi, kijana mmoja asiyejua kwamba kuna msiba alibisha hodi akihitaji picha nne za paspoti kwa safari ya jioni ileile, mama akachukua funguo na ile kamera ndogo, akaenda naye studio, akamvalisha koti la bluu na kumbana vibanio mgongoni, akamwambia asipumue, akabonyeza, kisha akamwambia apumue.